Mgomba wa Kipawa

Kipawa, Dar es Salaam
Jumapili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limepata nafuu na unafika kanisani bila kupumzika njiani. Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Kokushubila ameanza kukaa, ila akicheka sana anaanguka chali, halafu anacheka tena.

Simu ina haraka, ndiyo maana nimeandika. Nimejenga bustani, Mama. Ua wetu ni kifusi kitupu, jembe linagonga na kurudi, kwa hiyo nimepanga matofali mistari mitatu juu ya ardhi, nikaacha matundu chini maji yatoke, nikajaza kokoto, udongo mweusi na samadi ya kuku. Mke wangu Vaileth alisema nimeujengea mchicha nyumba nzuri kuliko yetu. Katikati nimepanda mche mmoja wa mgomba. Jirani yetu Bi Mauwa, mzaliwa wa hapa hapa, akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama sisi Wahaya hatupati usingizi bila mgomba. Nilicheka tu.

Asubuhi nakaa ukingoni na mtoto mapajani. Ndege zinapita chini chini kwenda kutua, vivuli vyao vinateleza juu ya mchicha, naye anavinyooshea mkono. Saa nyingine nasahau niko wapi. Nasikia harufu ya udongo uliolowa, nakuona umeinama shambani, nataka kukuita.

Mama, umenikumbusha mara mbili nije Desemba na kitovu cha mtoto tukizike kwenye kibanja chetu, chini ya migomba ya nyumbani, kilipozikwa changu na cha marehemu baba. Nilikihifadhi vizuri kwenye kile kitambaa ulichotuma. Siku ya kupanda mgomba nilikitoa, nikakiweka chini ya mizizi, nikafukia kwa mikono. Hakuna aliyenishauri. Hata Vaileth nilimwambia baadaye, akalia.

Sikupitiwa, nilijua ninachofanya. Mtoto huyu kwao ni hapa, na mimi sitarudi kujenga huko. Nimeogopa kukwambia kwa miaka minne. Ile sehemu ya kibanja unayonitunzia, mpe mdogo wangu Brightson aipalilie kama yake. Najua itakuuma. Hata mimi inaniuma.

Vaileth anakusalimia sana. Nisalimie Brightson na majirani wote. Desemba tutakuja sote watatu. Nakuomba, Mama, tukifika usitutandikie chumba cha wageni.

Mwanao,
Audax