Rota ya Landrova Yako, Baba Stela

Mpendwa Baba Stela,

Najua huko uliko hakuna posta, na hata ingekuwepo, barua zangu ulikuwa unazisoma kwa kurukaruka mistari. Hii naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu nilikuchafulia jina mbele za watu na siwezi kulisafisha nikiwa nimejifungia chumbani.

Unakumbuka siku lilipofika? Trekta lililivuta kutoka ng'ambo ya mto hadi hapa Lumemo, Landrova kuukuu lisilo na milango wala kioo cha mbele, kuku wa watu wameshataga kwenye kiti cha dereva. Likatupwa pembeni ya jiko langu. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Hili la nini?"

"La kupanda, Mama Stela."

"Kwenda wapi?"

"Popote."

Popote! Mwanaume ameendesha magari ya watu miaka na miaka, hajanipeleka hata mara moja kwetu Kidatu, leo ana popote. Hapo hapo nikaingiwa na wasiwasi. Na unanijua, wasiwasi ukishaniingia haunitoki mpaka nipate jibu.

Ukaanza kazi. Ulikwangua kutu kwa msasa mpaka vidole vikachubuka. Ulikata gasketi kutoka kwenye maboksi niliyoyaweka ya kuwashia moto, ukapanga vyuma vya injini juu ya mkeka wangu wa kuanikia mpunga. Nikilalamika, unasema, "Samahani mama, leo tu." Leo tu hiyo ilikwenda mwaka mzima. Na kila mara ulikuwa unapanda basi la Kidatu kutafuta spea. Ukirudi nilikuwa nanusa shati lako, nakiri. Lilinuka grisi tupu, nami nikasema moyoni, huyu mjanja, amejipaka makusudi.

Kilichonimaliza ni ile ngazi. Uliichomelea kwenye mlango wa nyuma, ngazi fupi ya vyuma viwili, halafu ukaweka godoro la sponji kwenye benchi na pazia la maua dirishani. Mimi nimedandia malori ya miwa tangu utoto, miguu yangu haihitaji ngazi. Nikakuuliza, "Huyu anayepandishwa kama bibi harusi ni nani?" Ukainamia spana yako.

"Mtu mzima," ukasema.

Mtu mzima! Kwani nilidhani ni mtoto?

Halafu akaja yule mzee wa baiskeli anayeleta mpunga kutoka Lupiro, ng'ambo ya mto. Wewe hukuwepo. Nikamwamkia, nikampa maji, akanywa, akafuta mdomo, akasema huku anacheka, "Mama, mwambie bwana wako, mke wake wa kwanza anauliza, gari bado tu? Amechoka kusubiri."

Nilikaa chini. "Anaishi wapi huyo?"

"Si pale pale Lupiro! Anajisifu kwa kila mtu kwamba mumewe anakuja kumchukua na gari."

Mke wa kwanza. Mimi niliyefunga ndoa nawe kanisani, mbele ya padri, na shela la kuazima, kumbe ni wa pili! Na yule mzee anacheka mbele yangu. Nilidhani ananicheka mimi.

Sikukuuliza. Ningekuuliza ungesema "popote" nyingine. Jumamosi tulipokutana kwenye jumuiya, ilipofika zamu yangu ya kutoa ombi, nikasali kwa sauti: "Kwa ajili ya wanaume wote wenye wake ng'ambo ya mto, ee Bwana." Watu wakageuka wakakutazama. Na wewe, Baba Stela, uliitikia "twakuomba utusikie" kwa sauti kuliko wote. Nilisema, mwanaume huyu hana haya hata kidogo. Kuanzia siku ile Lumemo nzima ikajua kwamba una mke Lupiro, na hata watoto wakahesabiwa.

Gari lilikuwa limeshawaka, umelipaka kijani kwa brashi, safari yako ya ng'ambo ni Jumatatu. Na wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Siku moja ulifungua kofia ya distribyuta, ukanionyesha kile kidude cheusi kinachozunguka ndani. "Hii ndiyo rota," ukasema. "Ukiitoa hii, mwizi atasukuma mpaka achoke." Jumapili, mimi nimetoka misa ya kwanza, wewe uko ya pili. Nikafungua kofia, nikaitoa, nikaifukia katikati ya debe la mpunga wa mbegu, ule usioguswa mpaka siku ya kupanda.

Jumatatu asubuhi ulipiga stata mara tatu, ukafungua, ukatazama, ukafunika.

"Mama Stela, rota umeiona?"

"Mimi na vyuma vyako wapi na wapi?"

Ulinitazama kidogo tu, kisha ukaenda kupanda basi. Kidatu ukakosa, ukaenda tena, ukakosa. Ulikuwa mwaka ule wa Elinino. Siku ya tano mbingu zikafunguka, mto ukafurika, pantoni likasimama. Nilisimama jikoni naangalia ile mvua nikafurahi, Mungu anisamehe. Nilisema, sasa mfuate kwa kuogelea.

Wiki ya tatu habari ikavuka mto. Bibi Mdogo amefariki, yule mdogo wake bibi yako mzaa mama, aliyekulea tangu mama yako alipofariki ukingali unanyonya. Mimi nilimwona mara moja tu, siku ya harusi yetu. Na hata hapo sikuunganisha. Nililia msiba wako kama mke mwema, moyoni najua kwamba huko huko Lupiro nitamwona mwenzangu kwa macho.

Maji yalipopungua tukavuka kwa mtumbwi. Tulipoingia uani tu, wanawake wakaacha kulia wakakukimbilia: "Mgane huyo! Mgane kafika! Mkeo kakusubiri mpaka kachoka!" Wakakupaka unga usoni, wakacheka, wakaangua kilio tena. Na wewe ukawa unalia huku unacheka.

Masikio yakanizibuka pale pale. Bibi na mjukuu wake! Mke wa kwanza, mume wangu, mke mwenzangu, utani huo kila mtu nchi hii anaujua. Na mimi nilikuwa naujua. Ila nilikulia kambini kwa wakata miwa, bibi zangu wako mikoa ya mbali, hakuna aliyewahi kuniita mke mwenzake. Na wivu ulishaniziba. Shangazi yako akanieleza mengine bila mimi kuuliza: nyonga zilikuwa zimemshinda, kwenye lori hawezi kukaa, kifua kinambana, na wewe ulikuwa umemwahidi kumpeleka hospitali ya Ifakara, alale kwetu.

Kwa nini hukuniambia? Hilo nalo jibu ninalo. Wapwa zako walipokaa kwetu kutoka mavuno hadi mavuno, ni mimi niliyesimama mlangoni nikatangaza kwamba ndugu yako mwingine akivuka mto kuja kulala hapa, mimi nafunga virago narudi Kidatu. Ulinisadiki. Ulitaka umfikishe kwanza, nimwone, nikose pa kumfukuzia.

Siku ya kupanda nilipekua lile debe mpaka chini. Rota haikuwamo. Wiki hiyo hiyo gari likawaka. Uliipata, au ulipata nyingine? Hukusema. Nikaanza kukuchunguza upya, unavyokula, unavyoitikia, unavyonitania. Nilitafuta hasira nisiione, nikazidi kuogopa. Ukanipeleka shambani na gari lile, ukanipeleka mpaka kwetu, na kila ulipopiga stata nilikutazama kwa pembeni nikisema leo atasema. Miaka yote ile, Baba Stela. Kwa nini hukunigombeza hata siku moja?

Ulipougua nikaamua nikuambie. Siku mbili kabla hujafariki, pale wodini, nikaanza, "Baba Stela, kuna jambo." Ukanishika mkono ukanikatiza.

"Unisamehe, Mama Stela."

"Nikusamehe nini?"

Ukafumba macho. Hukusema neno jingine la maana mpaka mwisho.

Sasa unaona ulivyoniacha? Mwenye kosa ni mimi, na anayeomba msamaha ni wewe! Nimepekua sanduku lako, nimekung'uta makoti yako yote, nimewabana madereva wenzako mpaka wakaanza kunikwepa njiani. Hakuna kitu. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Basi, jumuiya na wasikie. Mume wangu hakuwa na mke ng'ambo. Rota niliitoa mimi. Bibi Mdogo alikufa anamsubiri kwa sababu yangu, na wa kuombewa siku ile nilikuwa mimi.

Na lile uliloniomba nikusamehe, mume wangu, silijui. Leo naacha kulitafuta. Liwe dogo, liwe kubwa, liwe na jina la mwanamke, nimekusamehe. Hili tu, katika maisha yetu yote, nakupa bila kukagua.

Mkeo,
Mama Stela