Kiganja cha Mama

Nyakakika,
Karagwe, Kagera.
16 Novemba 2024.

Mpendwa kaka Rwezaura,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta Masasi ukiwa mzima, wewe, wifi Evaresta na watoto. Huko najua jua linawaka; huku mvua hainyamazi, matope yamefika mlangoni na senene wameanza kuanguka. Mgongo wa wifi unaendeleaje? Na Allen, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, isipokuwa hasira, na hiyo utaikuta humu ndani.

Mama hajambo. Anakula, anatembea, na presha yake ya damu ilipopimwa jana Kayanga daktari hakuona la kututisha. Naliandika hili mapema ili usiruke mistari ukitafuta habari ya msiba. Hakuna msiba. Lakini kaa chini usome yote, maana nilipopiga simu ulinikatia, na nilipopiga tena ukasema uko kazini.

Mama amejua habari ya kibanja chetu cha migomba.

Najua swali lako la kwanza ni nani kamwambia. Hakuna aliyemwambia kwa kukusudia. Ili uelewe inabidi nianzie darasani kwangu, kwa hiyo nivumilie.

Nilishakulalamikia kwamba watoto wangu wa darasa la tano hawawezi kuandika insha ya kueleza kitu. Ukiwaambia waeleze shamba, darasa zima linaandika shamba letu ni zuri, lina ndizi nyingi, tunalipenda sana shamba letu. Hata asiye na shamba analipenda. Basi mwezi wa saba tulikwenda semina ya walimu Kayanga, na safari hii nilirudi na kitu cha maana. Tulifundishwa kumpa mtoto mchoro wa kupangia mawazo kabla hajaanza kuandika sentensi. Anaweka kiganja juu ya karatasi, anakizungushia penseli, anapata vidole vitano. Dole gumba ni la jicho, kinachofuata ni cha sikio, cha kati ni cha pua, kingine cha ulimi, na kile kidogo ni cha ngozi. Ndani ya kila kidole anaandika alichoona, alichosikia, alichonusa, alichoonja na alichogusa. Katikati ya kiganja anaandika jina la kitu chenyewe, na jina hilo haruhusiwi kulitaja kwenye insha. Msikilizaji ndiye akitambue.

Mwalimu mkuu wetu, Rogasian, alipita dirishani akaniuliza kama nimeshushwa kufundisha chekechea. Nikamwacha acheke. Mimi shida yangu ilikuwa nyingine: watoto walijaza kidole cha jicho tu. Kubwa, refu, njano, basi, vidole vingine vitupu. Walijua kwamba mimi ninayesoma nina macho kama wao, sasa wajisumbue kwa nini? Nikaona wanahitaji msikilizaji asiyeona. Na msikilizaji huyo ninaye nyumbani.

Mama alijizungusha sana. Tangu presha ya macho immalizie uoni wake hapendi watu wamwone akishikwa mkono. Lakini Jumanne alivaa kitenge kile ulichomtumia, tukaja naye pole pole, akakaa kwenye kiti changu mbele ya darasa. Wa kwanza kusoma alieleza habari ya vitu vinavyogonga bati wakati wa mvua, miguu yake inakwaruza kiganja, ukivikaanga vinatoa mafuta yake vyenyewe. Hajamaliza, Mama akasema ni senene, na mwaka huu hajaonja hata mmoja. Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwingine alieleza bodaboda ya baba yake. Mama akaitambua kwa harufu ya petroli na kiti kinachochoma mapaja. Kaka, sijamwona Mama akicheka vile tangu tumzike Baba. Nilijivuna mpaka nikaona aibu. Ndipo nikamwita Jovitha.

Jovitha ni binti wa Nsabimana, jirani yetu wa bondeni. Kila siku anakatiza kibanja chetu akienda kuchota maji. Ndiye anayeandika kuliko wote, na kiganja chake sikukisoma kabla, nilitaka na mimi nibahatishe kama wenzake. Karatasi yake ninayo hapa mezani, nakunakilia alivyosoma:

"Kitu changu kimesimama lakini kimechoka. Majani yake ni ya njano wakati mvua inanyesha kila siku. Mengine yamevunjika katikati yakaning'inia. Upepo ukipita yanalia kwa ukavu, ya kwetu hayalii hivyo. Pembeni kuna jiwe lenye bonde katikati kwa kunolea panga, ukilikalia lina baridi hata mchana. Ukikata kitu changu kinatoa utomvu wa njano, unanata vidoleni na maji hayautoi. Harufu yake ni ya togwa lililochacha. Matunda yake yanaiva kabla hayajakomaa. Nilionja moja, ndani lina madoa ya kahawia, ni kavu, nikatema."

Watoto walimgeukia Mama wakisubiri jibu. Mimi nilikuwa nimesimama ubaoni na chaki mkononi. Katika Nyakakika yote jiwe la kunolea lenye bonde ni moja, lile la Baba.

Mama alimwita Jovitha asogee, akampapasa kichwa, akamuuliza kwa upole kabisa amekiona wapi kitu hicho. Mtoto akasema, "Ni kwako, Bibi." Hakujua. Angejuaje kwamba watu wazima wa nyumba moja wanafichana kitu kinachoonekana kutoka barabarani?

Ndipo Mama akageuza uso kule alikosikia chaki yangu ikidondoka. Akaniuliza, "Restuta, unyanjano umeingia kwangu tangu lini?"

Mbele ya darasa zima. Nikamjibu tangu mwezi wa nane. Akaitikia kwa kichwa, akamsifu Jovitha kwamba ameandika vizuri kuliko mtu mzima, akaomba kurudishwa nyumbani.

Sasa, kaka, nataka tuelewane hapa. Mwezi ule bwana shamba Nolasco alipokuja kukagua, ugonjwa huo wa unyanjano ulikuwa kwenye mashina machache ya migomba ya kisubi kule chini tu, karibu na jiwe. Alisema yang'olewe yote na kuzikwa, maua dume yakatwe kwa kijiti chenye panda, na kila panga lipitishwe motoni kabla ya kutoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Nilikupigia siku hiyo hiyo. Wewe ukasema Mama asiambiwe, presha itampanda, na tuking'oa atasikia, tusubiri. Ukaongeza kwamba kibanja kikiisha ataacha ubishi na atakubali kuhamia kwako. Nilikutii, wewe ndiwe mkubwa na ndiwe musika, mrithi wa Baba. Mapanga yote ya nyumba hii nimeyapitisha motoni mimi mwenyewe.

Lakini kisu cha Mama sikukipitisha. Unakijua, kile kifupi anachokichomeka kiunoni. Kila asubuhi anakwenda nacho kibanjani, anapapasa mgomba mmoja baada ya mwingine, akikuta jani limekauka analikata, anasogea. Nilimwomba akakataa, akauliza tangu lini mtu akamnyang'anya mwenzake kisu bila sababu. Na sababu nilikuwa nimekatazwa kuisema. Nilikwambia habari za kisu hicho, Rwezaura. Ulinijibu kwamba bibi kizee asiyeona atakata majani mangapi.

Amekata mengi. Jumatano Nolasco alikuja tena, akatembea nami kibanja kizima. Aliniambia ugonjwa haukutawanyika ovyo. Umefuata njia ya Mama ya asubuhi, kutoka kwenye jiwe, kupita nyuma ya jiko, hadi karibu na kaburi la Baba. Alipokuwa anaongea Mama alikuwa nyuma yetu na fimbo yake, nasi hatukumsikia akija. Akasema maneno ambayo sitayasahau:

"Kwa hiyo nimekuwa nikiua migomba yangu kwa mkono wangu, na ninyi mnanitazama."

Nililia pale pale kama mtoto. Mama hakulia. Aliuliza nani aliamua asiambiwe, na unamjua, si mjinga, jina lako akalitaja mwenyewe. Kisha akachomoa kisu kiunoni akanipa mpini, akaniambia niwashe moto. Presha uliyoiogopa haikupanda. Alisema kilichomuumiza si unyanjano, maana huo aliuona ukimaliza kibanja cha kaka yake zamani. Kilichomuumiza ni kufanywa mtu asiyekuwepo nyumbani kwake.

Alhamisi kazi ikaanza. Nsabimana na vijana wake wameng'oa kisubi yote ya chini na ile ya nyuma ya jiko, wamechimba mashimo, wamezika. Mama alikaa juu ya jiwe siku nzima akisikiliza, na kila shina likitoka anauliza ni lipi, anaambiwa, anamtaja aliyelipanda. Kule chini sasa ni peupe, hata kuku wanazunguka hawajui pa kujificha mvua.

Limebaki eneo la juu, na ndilo lililoninyima usingizi. Migomba ya nshakara inayozunguka kaburi, ile aliyopanda Baba, mmoja umeshaanza kuning'iniza jani. Nolasco anasema ung'olewe haraka, la sivyo yote ya pale itakwenda, na kutoka pale ni hatua chache tu hadi migomba ya mwisho iliyo mizima. Mama amegoma. Anasema pembeni ya mume wake halitapigwa jembe mpaka musika awe amesimama pale. Nimembembeleza, padre amembembeleza, Nolasco karibu apige magoti. Jibu ni lile lile. Anasema aliyeamua akiwa mbali, safari hii aamue akiwa karibu.

Kwa hiyo ni wewe, kaka. Usinitumie hela ya dawa, dawa haipo. Usinipigie kuniambia nimshawishi. Kila siku unayokaa huko, kile kilichobaki cha kulisha nyumba hii kinasubiri mguu wako. Na ukija, usije na habari za kumhamisha. Omba ruhusa kazini, panda basi.

Jana jioni Mama aliniita, akaniambia nilete karatasi kama zile za watoto. Akaweka kiganja chake mezani nikakizungushia penseli, vidole vyake vimepinda, penseli ikawa inaruka ruka. Kisha akanitajia ya kuandika, na nimeandika kama alivyosema bila kupamba. Kwenye sikio: jembe likigonga mzizi, halafu kimya. Kwenye pua: kule chini togwa lililochacha, kaburini bado majani mabichi. Kwenye ulimi: matoke ya kununua Kayanga, tangu niolewe sikuwahi kuyala mpaka wiki hii, hayana ladha. Kwenye ngozi: mpini wa kisu changu umeungua, unanikwaruza.

Kidole cha jicho tumekiacha wazi. Nilidhani amesahau nikamkumbusha. Akasema, "Hicho si changu. Mpelekee, aje akijaze." Jina la katikati pia hakutaka niandike. Karatasi yenyewe nimeikunja humu bahashani, usiipoteze, anataka urudi nayo.

Nimesema kwa ukali na sijutii, lakini nakupenda, na nimekukumbuka. Rogasian anakusalimu, tangu Jumanne hacheki tena viganja, juzi nilimkuta darasa la sita anazungushia cha kwake ubaoni. Nsabimana na mkewe wanakusalimu. Jovitha anaogopa kwamba amekosa, nimemwambia hakukosa lolote, na Mama amemwomba aje amsomee kila Jumamosi. Mbusu Allen kwa niaba yangu, na mwambie wifi Evaresta asikuzuie.

Mungu akulinde, kaka, na safari hii namwomba akulinde njiani, si huko uliko.

Mdogo wako akupendaye, atakayekuwa stendi ya Kayanga siku utakayosema,

Restuta