Kitabu Kilichovaa Kaki

Jumatatu, 7 Julai 1986

Shifti ya asubuhi hospitalini. Mvua tangu mchana. Viatu vimelowa, soksi zimelowa, hata roho. Nimepita maktaba kurudisha kitabu changu na kukiazima tena, kama kawaida. Nakiita changu. Ni cha maktaba.

Leo Kirwa hakugonga muhuri. Ndiye mtunza maktaba, kijana mpole, mkewe amejifungua juzi. Alikishika kitabu kama anayeshika kuku mgonjwa. Akanionyesha karatasi ya mihuri iliyobandikwa ndani. Yote ni yangu. Vitabu vya shule vinakuja na rafu hazitoshi. Visivyosomwa vitatolewa mwisho wa mwezi, vipakiwe kwenye mkokoteni na kuuzwa kwa kilo. Yaani vitaenda kufunga sukari.

Nikamwambia mimi ninakisoma.

"Ni wewe peke yako, Mama Akinyi. Maktaba si ya mtu mmoja. Niletee hata watu watano tu."

Sikumkasirikia Kirwa. Nimeikasirikia Eldoret nzima.

Watu watano. Nitawaleta.

Jumanne, 8 Julai

Niandike sababu, nisije nikajiona mwehu.

Kinaitwa *Ghala la Mjane*. Nilikiokota rafu ya chini, nyuma ya mlango, mwaka ule Baba Akinyi alipofariki. Nilikuwa nikitoka wodini sitaki kwenda nyumbani. Maktaba ilikuwa na joto. Basi.

Mjane ana ghala limejaa mahindi mwaka wa njaa. Shemeji zake walimnyang'anya shamba, akalima la kukodi, Mungu akambariki. Sasa wanakuja na magunia matupu. Ufunguo anauvaa shingoni kitabu kizima. Wanabembeleza, wanatukana, wanaleta mchungaji. Hafungui. Ukurasa wa mwisho anafungua, na wa kwanza kumpimia ni yule shemeji aliyemfukuza. Mwandishi hasemi kwa nini. Anakomea hapo, anaenda zake.

Mimi ninajua kwa nini. Ninadhani ninajua. Sijapata mtu wa kumwambia. Akinyi ameolewa Kakamega na hasomi chochote ila barua, nazo anazijibu kwa mistari mitatu. Hicho ndicho ninachotaka, si rafu. Nataka mtu mmoja aliyefika ukurasa ule.

Alhamisi, 10 Julai

Hasara tupu.

Nimeanza na Jeruto, tunayefanya naye kazi wodi ya wanawake. Ameniuliza, "Hadithi? Kwani kuna mtihani, Sista?" Nikaenda kwa akina mama wa kwaya baada ya mazoezi. Nilikisifu mpaka mmoja akaanza kufunga madirisha tuondoke. Mwingine akauliza kama ninakiuza.

Jioni dukani kwa Mzee Abdi, kununua sukari na mafuta ya taa. Anasoma gazeti kila siku, kutoka jina la gazeti mpaka vifo. Nikaona huyu hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu na ndevu zake nyekundu za hina. "Mama, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Wateja wakacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi.

Jibu limenijia nikimenya viazi. Kizuri chajiuza kikiwa sokoni. Hiki kiko nyuma ya mlango. Nimelisema kwa sauti, peke yangu jikoni, kisu mkononi.

Jumamosi, 12 Julai

Jalada limeachia kabisa. Nimekishona mgongo kwa uzi wa kushonea blanketi na kukifunika kwa karatasi ya kaki, kama tulivyofunika vitabu vya shule. Pembe nimezikunja vizuri. Nilitaka kuandika jina juu, kalamu ikakataa. Hii hapa nimeazima kwa jirani, nayo haishiki kwenye kaki.

Kimependeza. Kinaonekana kitabu cha mtu mwenye adabu.

Jumatatu, 14 Julai

Jambo la ajabu.

Saa ya chai nilikuwa nikisoma kwenye chumba cha dawa. Matroni akapita. Kusoma kazini hakuruhusiwi, nikakisukuma chini ya aproni. Jeruto aliniona. Mchana wote akawa ananitazama kwa jicho jingine. Tulipotoka akanishika mkono, akatazama nyuma, akauliza kama hicho ndicho nilichokuwa nikikisifu. Nikasema ndicho. Akataka nimpe palepale.

Nikamwambia hapana. Lazima akiazime maktaba, kwa jina lake, kwa muhuri.

"Kwa jina langu?" Macho yalimtoka.

Nikamwambia ni hivyo au hakioni. Tukafuatana. Kirwa akagonga muhuri. Jeruto akakifunga ndani ya sweta na kuondoka mbiombio, na mvua haikuwepo.

Nimefurahi. Sijaelewa, lakini nimefurahi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeelewa.

Jeruto alikirudisha baada ya siku mbili tu. Leo mtu wa maabara amenifuata kwenye ujia, mwanamume mzima, anaongea kama aliyefiwa. Anataka "kile cha kaki". Akauliza kama Kirwa anaweza kumpa kikiwa ndani ya gazeti.

Wanadhani kimepigwa marufuku. Miezi hii watu wanachukuliwa kwa sababu ya karatasi tu, na anayeuliza wamepelekwa wapi naye huulizwa. Sasa mimi nimetembea na kitabu kisicho na jina, nakificha chini ya aproni, nawaambia wakisome lazima. Ungekuwa wewe ungedhani nini?

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Kisha nikaukumbuka mkokoteni wa mwisho wa mwezi. Sikusema ndiyo. Sikusema la. Nilimwambia tu akirudishe kabla ya Jumatatu.

Alhamisi, 24 Julai

Wametimia watano. Wa tatu ni yule wa kwaya aliyeuliza kama ninakiuza. Wa nne ni mke wa daktari mmoja wa mtaa wa Elgon View, ametuma dereva. Wa tano ni Mzee Abdi! Alikisoma usiku mmoja, akakirudisha asubuhi, leo hanitazami usoni. Ananipimia sukari kama hajawahi kuniona. Sikumkumbusha methali yake, ingawa ilinikaa kwenye ulimi.

Lakini nina hasira. Hakuna aliyesoma. Wamepekua. Jeruto ananong'ona kwamba anajua ghala ni nani na ufunguo ni nani. Mtu wa maabara amesema ukurasa wa arobaini ni hatari, hajui ulivyopita. Nimeufungua. Ukurasa wa arobaini unahusu fukusi. Mjane anachagua mahindi yaliyotobolewa. Ukurasa mzima, fukusi.

Nimewauliza wote kuhusu mwisho. Jeruto hakufika mwisho. Mtu wa maabara alianzia mwisho akaona hakuna kitu.

Mihuri ninayo. Mtu sina.

Jumamosi, 26 Julai

Kimutai amekichukua.

Kimutai ni kijana wa chama. Kijana wa chama mwenye mvi, na mjukuu. Shati jekundu, rungu dogo. Ndiye anayejua nani ana kadi ya chama sokoni na nani hana. Aliingia maktaba asubuhi, akaomba "ile ya kaki", akaiweka kwapani. Akachukua na jina la Kirwa.

Kirwa alinisubiri mlangoni. "Mama, nina mtoto wa wiki tatu," akasema. Hilo tu. Akaingia ndani, akafunga.

Nimetembea mpaka nyumbani Kiplombe kwa miguu. Nimemponza mtu asiye na kosa, kwa sababu nilitaka kushinda. Ningesema neno moja Ijumaa ile, yangeisha. Sijala.

Jumapili, 27 Julai

Sikwenda kanisani. Nimepiga sare pasi.

Jumatatu, 28 Julai

Nimeenda ofisi ya chama. Sare nyeupe, kofia, saa kifuani. Nilikaa kwenye benchi na watu wa kadi mpaka nikaitwa.

Nikasema yote bila kupumua. Kaki ni yangu. Kirwa hakujua lolote. Watu walijidanganya, nami nikawaacha. Kama kuna kosa, jina ni langu, na nikalitaja, la ubatizo na la nyumbani.

Kimutai alikigeuzageuza kitabu. "Kwa nini haina jina juu?"

Nikamwambia kalamu ilikataa kuandika. Hakucheka.

"Nitaisoma yote, Mama. Nikipata neno mbaya, sitakutafuta mara mbili."

Nikamwambia asome yote kweli. Asiruke. Sura ya tatu inachosha kidogo, avumilie, ya nne itamlipa. Nilikuwa nje barabarani ndipo nikagundua kwamba hata pale, mbele ya rungu, nilikuwa ninakisifu.

Alhamisi, 31 Julai

Mkokoteni umekuja. Nimesimama ng'ambo na mwavuli nikiangalia. Gunia kwa gunia. Mvutaji alikuwa amekalia kamusi moja kubwa, anavuta sigara.

Kirwa aliniona. Amevuka barabara kuniambia, bila salamu, kwamba kitabu changu kingekuwa rafuni leo angekitupa cha kwanza. Mihuri mitano au hamsini, asingejali. Simlaumu.

Kwa hiyo kimepona kwa sababu kimekamatwa. Nimecheka njia nzima, cheko baya.

Jumatano, 6 Agosti

Hakuna habari. Gari likipunguza mwendo nje, mkono unaacha kazi. Nimefua sare zote tatu. Nikichukuliwa, nichukuliwe safi.

Jeruto ameomba kuhamishwa wodi. Aende.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemwona Kimutai.

Amekaa benchi la nje ya duka la Mzee Abdi, kitabu magotini. Anasoma kwa kidole, midomo inacheza. Chai pembeni imeshika utando. Kaki imepata doa la mafuta. Mzee Abdi ndani amekauka kwa hofu, hapimi wala hauzi.

Nilijifanya ninachagua vitunguu. Yuko karibu nusu. Alisoma ukurasa, akaufunua, akarudi nyuma kuusoma tena.

Mtu anayetafuta neno baya harudii ukurasa. Au anarudia? Sijui. Niliogopa, na katikati ya hofu nikamwonea wivu. Yeye bado hajui kama mjane atafungua.

Jumamosi, 30 Agosti

Kimerudi. Kimutai alikileta mwenyewe, akakiweka mezani kwa Kirwa, akatangaza maktaba nzima isikie kwamba hakina neno lolote. Kirwa alinisimulia huku akicheka na kufuta macho. Mtoto ameanza kutabasamu, anasema. Nimemwomba msamaha. Akanijibu, "Yameisha, Mama." Hayajaisha kabisa, lakini ameniandalia kiti.

Nimeitoa kaki. Nimeandika jina upya kwenye kadibodi, herufi kubwa: GHALA LA MJANE. Tumekiweka rafu ya katikati, usawa wa macho.

Mke wa daktari alipita, akasoma jina. "Kumbe ilikuwa hadithi tu," akasema, akachukua kitabu cha mapishi. Tangu asubuhi hakuna aliyekigusa.

Sawa. Nitaanza upya. Kuna mwalimu mpya Kiplombe, na kuna mjane mmoja kwaya ya pili. Safari hii nitasema maneno machache.

Jumapili, 7 Septemba

Jua zuri leo. Mahindi ya jirani yamekauka shambani.

Nilikuwa nikianika godoro, nikaona mtu langoni. Kimutai. Bila shati jekundu, bila rungu. Sweta la kahawia lililofumwa nyumbani. Nikafikiri, basi, siku yenyewe ni hii, na sare zote ziko safi.

Hakuingia mara moja. Alisimama akishika lango.

"Mama, huyo mjane alikosea. Angewaacha walale njaa siku moja tu, wajue."

Nikamwambia aingie.

Anasema mjane alifungua ili awaaibishe. Ndiyo maana alianza na yule shemeji mbaya, mbele ya watu wote. Kumpa adui kwa mkono wako, anasema, ni kumpiga kofi. Nikamwambia hapana. Alifungua kwa sababu alichoka kula peke yake. Akasema hiyo haiko kwenye kitabu. Nikamwambia iko, sura ya tisa, pale anapopika ugali wa watu sita na hakuna mtu. Akasema sura ya tisa anaikumbuka vizuri, na yule mama alikuwa anaringa tu.

Anaringa! Nilimwambia hajui kusoma. Akaniambia mimi sijui watu. Tulisahau chai mpaka ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Tangu Baba Akinyi aende, hakuna aliyekaa kwenye kiti kile akaniambia nimekosea.

Ameondoka jua likiwa chini, hajakubali. Nami sijakubali. Kesho anapita kwa Kirwa kukiazima kwa jina lake, na Jumapili atanionyesha ukurasa.

Vikombe viwili viko kwenye karai. Nimeviacha, nitaviosha asubuhi.