Visiki vya Paini vya Baba

Jumapili, Ediofe. Mvua imenyesha tangu alfajiri, kengele za misa ya pili zimelia na mimi bado niko kitandani. Mwili hauumwi. Ni aibu tu, na aibu haina panadol.

Jana nilikuwa kijijini Midia kwa Baba.

Niandike mambo kwa mpangilio, kama ninavyodai kwa wanafunzi wangu. Baba ni mwanajeshi mstaafu. Nilipoanza sekondari alipanda paini nyuma ya nyumba, mistari imenyooka kama gwaride. Januari mwaka jana mnunuzi wa mbao alikuja akataka zote. Baba alikuwa amepanga kukata nusu tu, nusu nyingine zibaki. Akanipigia simu, maana mimi ndiye mwalimu wa bayolojia. Aliniuliza hii mti ikikatwa inachipua kama kalitusi?

Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nikamwambia, ndiyo Baba, inachipua.

Akakata zote.

Paini haichipui. Ninafundisha hilo kila mwaka, nikiwa nimeupa ubao mgongo. Kalitusi na mtiki ukivikata, chini ya gome kuna macho yaliyolala, na mvua ikija yanaamka. Paini yetu haina macho hayo kwenye kisiki. Imekaa duniani tangu kabla ya ua la kwanza kuwako, na muda wote huo tegemeo lake limekuwa mbegu. Mbegu yenyewe iko uchi, haina tunda la kuifunika, imelala tu juu ya gamba la koni. Upepo ndio unaoleta chavua, ule unga wa manjano unaochafua nguo kwenye kamba. Koni huchukua karibu miaka miwili kukomaa. Haya yote nayajua. Siku ile sikusikiliza swali, basi.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu ni zima kabisa.

Sasa Baba amengoja mvua za mwaka mzima. Hajapanda muhogo pale, hajapanda maharage. Anapalilia visiki! Watu wakipita na baiskeli wanapunguza mwendo wamtazame. Kila akinipigia simu nilikuwa nabadilisha mazungumzo, nauliza habari ya mbuzi. Nakiri hapa mtandaoni kwa kuwa hapa hakuna anayenijua.

Juzi akapiga kwa furaha. "Mwalimu, kuja uone. Iko nachipua!"

Nilishuka basi Koboko mjini saa nne, nikachukua boda mpaka Midia. Nilimkuta shambani na jirani yake Hajji; walikuwa wote jeshini na hawajaacha kutaniana mpaka leo. Baba amevaa shati la Jumapili siku ya Jumamosi. Akanionyesha kwa fimbo, kando ya kisiki, kitu cha kijani chenye urefu wa kidole.

Nikapiga magoti. Chipukizi la kisiki lingetoka kwenye gome. Hiki kilitoka kwenye udongo, na duara la majani membamba kama sindano, na ganda la mbegu bado limekaa kichwani kama kofia. Ni mche. Nilihesabu mingine kumi na mmoja hapo karibu, na Baba alikuwa ameing'oa mingi akidhani ni magugu.

Mama yao nilimwona nilipoinua macho. Pembeni mnunuzi aliacha paini moja kwa sababu imepinda, haitoi mbao. Koni zake zilikuwa wazi, zimekwisha mwaga mbegu.

Nikaeleza. Sauti yangu ilikuwa ya darasani, safi, haina mtu ndani. Visiki vimekufa, Baba. Hii ni mbegu ya mti ule uliopinda.

Baba alitazama visiki vyake, mstari mmoja baada ya mwingine.

Hajji akauliza, "Sasa nani alikudanganya iko nachipua?"

Nilikuwa nimesimama katikati yao. Ningeweza kujibu mimi.

"Hakuna mutu," Baba akasema. "Ni mimi nilikosea."

Hajji akacheka mpaka akashika mbavu. Afande mzima anapalilia maiti! Baba naye akacheka kidogo, kwa adabu. Mimi nilikuwa nakung'uta udongo kwenye magoti, magoti ambayo yalishakuwa safi.

Saa tisa Baba alinisindikiza mpaka barabarani. Hapo ndipo ulimi ulipofunguka. Nikamwambia Baba, ni mimi nilisema itachipua.

"Najua. Simu ilikuwa kwa sikio yangu."

Nikamuuliza mbona hakumwambia Hajji.

Alinyoosha mkono kusimamisha boda kabla ya kunijibu. "Mimi nasumbua Hajji na sifa ya mwalimu yangu miaka yote. Leo niambie yeye mwalimu hajui mti?"

Kisha akaniuliza hiyo midogo itachukua miaka mingapi. Nikasema kumi na mitano, labda zaidi. Ana miaka sabini na mitatu. Akatikisa kichwa taratibu, akaniambia nilete viriba vya kuhamishia miche, na nisisahau.

Nimekaa na aibu hii tangu jana. Nimelia mara moja, jikoni, chai ikichemka.

Viriba nitanunua kesho sokoni. Jumamosi nitarudi Midia, na bodaboda nitamwambia apite nyumba ya Baba bila kusimama. Nitashukia kwa Hajji kwanza, nimjibu lile swali lake.