Keki ya Mama na Lenzi ya Thelathini na Tano

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza vingine utasema huku mjini tumeacha kusalimia wakubwa.

Upendo, mdogo wangu, tumemuaga juzi Jumamosi. Sendofu ilifanyika hapo hapo nyumbani Kiomboi, na keshokutwa wakwe zake wanamfuata kumpeleka Iguguno. Sasa ni Jumatatu mchana. Nimekaa studio kwangu Singida, mlango nimeurudisha nusu, picha zinahama taratibu kutoka kwenye memori kadi kwenda kwenye kompyuta, na mimi nakuandikia. Nina habari na nina lalamiko. Nianze na lalamiko, maana ndilo lenye umri mkubwa.

Mama, kwenye picha zangu zote wewe haumo.

Siku ya kipaimara changu yumo mchungaji, yumo bibi, yumo hata yule jirani aliyekuwa anatuuzia maziwa. Wewe haumo. Mahafali ya kidato cha nne, wenzangu walivishwa mashada na mama zao. La kwangu alinivisha mama yake Rehema, mwanafunzi mwenzangu, kwa sababu wewe ulikuwa umechuchumaa mbele yetu, jicho moja umelifumba, unaniambia, "Sogea kushoto kidogo, jua linakupasua uso." Hiyo ndiyo pongezi niliyopata. Nikasogea. Picha ilitoka nzuri, sikatai. Kila aliyeiona aliisifu, na hakuna aliyeuliza mama wa mwanafunzi yuko wapi.

Baba alipofariki Upendo alikuwa bado wa kubebwa. Jumamosi ulikuwa na kamera kwenye harusi za watu, Jumapili kwenye ubatizo wa watu, na mimi nikawa na Upendo. Nilimsuka, nilimpeleka kliniki, nilimfundisha kufunga viatu. Halafu nilipomaliza shule nikakuomba unipe nafasi studio kwako, ukasema studio moja haibebi mafundi wawili. Nikaja Singida na simu yenye kioo kilichopasuka, nikaanza kupiga watu picha kando ya ziwa. Ukawa unaniita "mpiga picha wa simu" mbele ya wateja wako. Nilicheka nao. Nilikuwa sicheki.

Unakumbuka tulivyokuwa tunabishana kuhusu kamera? Wewe ulinunua kwa kuangalia ile namba iliyoandikwa mbele kwa maandishi makubwa, megapikseli ishirini na nne, unaitaja kama mtu anayetaja ng'ombe wake. Nilikwambia, Mama, hata kumi na mbili zinatosha kuchapa picha ya ukutani. Namba ya kuangalia ni ile ndogo iliyoko kwenye lenzi. Ile lenzi yako ya kuvuta ilikuwa ukishaivuta inabana tundu la mwanga hadi tano nukta sita. Ya kwangu isiyovuta inafungua hadi moja nukta nane, maana namba ikishuka tundu linapanuka. Ukipiga hesabu, yangu inaingiza mwanga karibu mara kumi. Mara kumi, Mama. Ndiyo maana wewe kwenye kumbi ulilazimika kuwachoma watu na flashi, wakatoka nyuso nyeupe na macho ya woga kama waliokamatwa. Ulinijibu kwa Kinyiramba, neno ambalo siwezi kuliandika kwenye barua ya heshima.

Mwaka jana ukaugua, na ugonjwa haukutupa muda wa kumaliza ubishi wowote. Kwenye studio yako sasa wanauza mitungi ya gesi. Wamepaka rangi ya bluu juu ya kibao chako, lakini walipiga mkono mmoja tu, na neno PICHA bado linachungulia. Nikipita na basi huwa naangalia upande wa pili wa barabara.

Haya, sasa habari.

Alizeti zilipoanza kuvunwa, Upendo akaniletea tarehe. Unaijua kazi hii. Kabla hata sijampongeza, kichwani nilishaanza kupanga vifaa. Kamera mbili. Lenzi ya milimita themanini na tano kwa uso wa bibi harusi ukiwa mbali, thelathini na tano kwa meza na wazazi. Video fremu ishirini na tano kwa sekunde, shata ikifunguka moja ya hamsini ya sekunde, ili taa za ukumbi zisicheze kwenye picha. Nikamwambia asitafute mtu, mimi nipo. Nilidhani nimempa zawadi.

Hakufurahi. Akasubiri nimalize, kisha akasema kamati imeshapanga ya kwangu: nikae kiti chako meza kuu. Nikamjibu mama mdogo yupo, ndiye mwenye haki ya kiti hicho. Akasema mama mdogo mwenyewe ndiye aliyenitaja. Nikasema basi vizuri, nitaiweka kamera kwenye stendi inarekodi, zamu ya keki ikifika nakuja haraka, nalishwa, narudi kazini.

Upendo akasema, kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza: "Dada, keki ya mama nitamlisha nani, kamera?"

Mama, nilikasirika. Sikumkasirikia yeye. Nilikukasirikia wewe, kwa sababu niliyasikia maneno yangu yakirudi na sauti yaliyokuwa nayo ni yako. Nakuja haraka, narudi kazini. Ningeweza kuyaandika kwenye kibao cha studio.

Likabaki swali la nani apige. Mafundi wote wazuri wa Singida walikuwa wameshachukuliwa. Unajua baada ya mavuno hakuna Jumamosi tupu. Aliyebaki ni Jumanne, jirani yangu wa mlango wa tatu, mtu mwema, ila maisha yake yote amepiga picha za pasipoti. Mtu kwa Jumanne ni kitu kinachotazama mbele na kufunga mdomo. Nilipomwomba aliniuliza kama bibi harusi atakaa kwenye stuli.

Ndipo nikagundua kwamba maisha yangu yote nimechagua kamera kwa ajili ya jicho langu. Sasa nilitakiwa kuchagua kwa ajili ya mikono ya mwingine, na hesabu yote ikageuka. Kamera yangu mpya nikaiacha kabatini. Vitufe vyake vingempoteza. Nikamchukulia ile ya zamani, niliyokwisha kuisugua mpaka maandishi yamefutika. Ya themanini na tano nikaitoa. Ingemlazimu asimame mbali, na kwenye ukumbi wetu ukisimama mbali, shangazi watatu wanapita katikati kabla hujabonyeza. Lenzi ya kuvuta sikutaka hata kuisikia, angekaa pembeni anavuta tu. Nikambakizia thelathini na tano peke yake, ambayo ukitaka uso wa mtu ni lazima umwendee. Nikamfungia kila kitu: tundu mbili nukta nane ili akikosea kidogo kulenga bado macho yatoke, shata moja ya mia na ishirini na tano. Nikamwambia, "Jumanne, kazi yako ni miguu na kidole." Akafurahi. Akasema viungo hivyo anavyo vyote.

Taa ndiyo ilileta ugomvi. Kamati ilikuwa imechagua rangi ya zambarau, na mama mdogo alishaagiza kitambaa cha kufunika dari yote. Nikawaeleza kwamba mwanga ukigonga zambarau unarudi na zambarau, na Upendo atatoka rangi ya biringanya. Hawakuelewa. Mjomba, mwenyekiti wa kamati, akasema tatizo likiwa mwanga tuongeze balbu. Nikaomba juu ya meza kuu kiwekwe kitambaa cheupe ili nielekeze taa zangu mbili huko, mwanga ushuke laini. Mama mdogo akasema hataki sherehe ya mtoto wake ifanane na zahanati. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tukakubaliana: nyeupe juu ya meza kuu tu, kwingine kote zambarau ya mama mdogo itawale. Taa nilileta za betri, maana umeme wa hapo unaujua. Na nilizisogeza karibu kadiri kamati ilivyovumilia, kwa sababu ukiirudisha taa umbali mara mbili mwanga unabaki robo, si nusu kama watu wanavyodhani. Hili hata wewe hukulijua. Au ulilijua kwa mkono bila kulitaja kwa namba. Ulikuwa na tabia hiyo.

Jumamosi nikakaa.

Mama, kiti kile ni kigumu. Sizungumzii mbao. Watu wote wanakutazama na wewe huna kitu cha kuweka mbele ya uso. Mikono yangu ilitafuta pa kwenda. Nikaona Jumanne amesimama akiipa mgongo taa ya ukumbi, kivuli chake kimelala juu ya maharusi, na mwili wangu ukanyanyuka wenyewe kwenda kumsogeza. Mama mdogo akanishika kitenge akanivuta chini, bila kuacha kutabasamu kwa wageni. "Kaa," akasema. "Leo wewe ni mzazi."

MC akaita keki ya mama. Akatangaza kwamba mama yupo mbinguni na leo anawakilishwa na dada aliyemlea bibi harusi. Upendo akaja akapiga magoti, kipande kikiwa kwenye uma. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nachunguza macho yake kama taa imeingia pande zote mbili. Ilikuwa imeingia jicho la kulia tu. Nilikuwa bado nafikiria namna ya kumwambia ageuke kidogo kushoto.

Kisha keki ikaingia mdomoni, akaniita Mama. Mbele za watu wote, hakuniita Dada. Kuanzia hapo sikujua tena taa iko wapi.

Picha ya keki hiyo imefunguka sasa hivi hapa mbele yangu. Imelala upande. Kiwiko cha MC kimeingia kona ya chini. Mkono wa Upendo una zambarau kidogo, kama nilivyowaambia. Mimi mdomo umejaa, macho nimeyakunja, pua inang'aa kwa sababu sikuwa nimejipaka poda. Ingekuwa ya mteja ningeifuta asiione. Upendo ameshanitumia ujumbe kwamba anataka hiyo hiyo, kubwa, ya ukutani kwake Iguguno, na nisiinyooshe.

Nimeitazama muda mrefu. Nimefikiria yale uliyokuwa unaogopa, kama ulikuwa unaogopa. Mjane mwenye watoto wawili, kila sherehe watu wanamwangalia kwa huruma. Ukishika kamera, wewe ndiye unayeangalia. Sina hakika. Huenda ilikuwa tu kazi, na kazi ndiyo iliyotulisha, na mimi namtafutia sababu mtu aliyekuwa amechoka. Lakini Jumamosi nilikaa kwenye kile kiti kwa sherehe moja tu, na nilitamani kukimbia. Wewe ulitakiwa ukikalie maisha yote.

Sijakusamehe yote, Mama. Nasema ukweli kwa sababu uongo ungeushtukia. Ile ya mahafali bado. Ila zile za "mpiga picha wa simu" nimekuachia. Nimesikia kutoka kwa mama mdogo, wakati tunakunja vitambaa, kwamba ulikuwa unawaonyesha wateja picha zangu za ziwani na kuwaambia huyu mwanangu anajua mwanga kuliko mimi. Ungeniambia mimi, Mama. Ilikuwa sentensi moja.

Mjukuu wako, mwanangu Baraka, ana kipaimara Desemba. Nimeshaamua nitakaa benchi la mbele, na akivishwa shada nitamvisha mimi, kwa mikono miwili, jua limpasue lisimpasue. Nakuahidi hilo. Jumanne amekubali kupiga. Tangu nimpe kamera anafanya mazoezi kila jioni kwa watoto wa mtaa wetu, na jana nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mmoja, "Cheka basi, mtu wangu, mbona umekaza?" Sharti lake ni moja tu, kwamba zamu hii na yeye apewe chakula akiwa amekaa.

Pumzika, Mama. Huko uliko natumaini kamera wameshika wengine.

Mwanao wa kwanza,
Neema