Mama Mkwe Hakutaka Kukaa Kwenye Kochi

Kitale,
Jumapili jioni.

Dada yangu mpendwa Gladwell,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe na shemeji mko salama huko Nyahururu, na kwamba lile goti lako limepoa. Sisi huku tunapumua. Mahindi yamekomaa ila mvua inawasumbua wanaoanika. Naandika kwa sababu wewe ukipigiwa simu unaweka sauti juu mpaka jirani anasikia, na haya si ya jirani.

Unajua nilivyougua mwaka jana. Hedhi yangu ilivurugika: miezi miwili kimya, kisha damu wiki tatu mfululizo, mabonge kwa mabonge, mpaka natembea nikishika ukuta. Ambacho sikukueleza ni nilivyofanyiwa Bungoma kwa akina Makokha. Desemba tulikwenda huko kwa matanga ya baba yake mdogo. Mama mkwe akaona nimejifunga leso mbili kiunoni, akaita wanawake wote wa boma na kutangaza kwamba nina laana niliyotoka nayo kwetu, na nisiguse sufuria ya wageni. Nikapewa kikombe changu peke yangu, cha plastiki, kimepasuka. Mume wangu Makokha, naibu mwalimu mkuu, mtu wa digrii, alisimama tu akiangalia viatu vyake. Baadaye akaniambia ati mama ni mzee, nimvumilie. Mwanaume mzima!

Halafu akaletwa Nabii Wangila. Dada, ungemwona! Suti nyeupe, kucha chafu. Alinimwagia mafuta ya kupikia kichwani, akaniuliza mbele ya wanaume nimetoa mimba ngapi. Nikamjibu sijatoa hata moja, na kwamba mtu mzima anayeuliza hivyo mbele ya watu ndiye anayehitaji kuombewa.

Niliporudi Kitale nilikwenda hospitali bila kumuaga mtu. Daktari, mwanamke mpole, aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: damu inakuja lini, inakaa vipi, je, nasikia baridi kuliko wenzangu, je, nimenenepa bila sababu. Akanipima. Kumbe tezi ya shingoni ilikuwa imelegea, na ikilegea hedhi nayo hupoteza mpangilio. Alinieleza kwamba kwa mwingine huwa ni uvimbe kwenye kizazi, kwa mwingine ni dawa za kupanga uzazi, kwa mwingine ni umri tu, kwa hiyo huwezi kutibu kitu kabla ya kukijua. Nikaandikiwa kidonge kidogo cha kila asubuhi na dawa ya kuongeza damu, na baada ya miezi michache nikarudi kuwa mtu. Laana yenyewe ilikuwa shingoni, na mafuta ya nabii yaliipitia tu yakielekea kwenye blauzi yangu.

Sasa sikia. Mwezi wa tano mama mkwe alifika kwangu bila taarifa, amebeba kuku. Nikamkaribisha kwenye kochi, akakataa. Akatandika leso juu ya stuli ya jikoni, akakaa ukingoni, magoti yamebanana. Mimi nimekaa hivyo mwaka mzima. Mkao huo naujua. Akanywa chai, akasema maziwa ni kidogo, akangoja Makokha atoke. Ndipo akaniambia kwa sauti ya chini nimpatie vile vidonge vyangu vya asubuhi.

Nikamuuliza, "Mama, unatoka damu?"

"Nyamaza! Watu watasikia."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno."

Tangu mavuno, Gladwell! Mama aliyeacha kuona mwezi kabla mimi sijaolewa. Yaani siku ile ananitangaza matangani, yeye mwenyewe alikuwa amejisetiri kwa matambara. Nilimtazama nikasikia dharau ikinipanda mpaka kooni, na sikudanganyi, ilikuwa tamu.

Vidonge nilimnyima. Vyangu ni vya tezi, damu yake visingeigusa. Kesho yake nikampeleka kwa daktari yule yule, naye aliposikia umri wake aliacha kutabasamu. Alisema mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, asingoje. Wakachukua kipande kidogo ndani ya kizazi wakakipima. Ni kansa, dada. Lakini ilikuwa bado haijatoka nje ya kizazi. Akapelekwa Eldoret, akapasuliwa, kizazi kikatolewa. Yeye alitaka tuseme ni tumbo, ndiyo maana hata wewe nilikuambia tumbo.

Yuko chumba cha pili ninapoandika. Hajaomba msamaha, anasema ugali wangu ni laini kama uji wa mtoto. Nabii naye alikuja kushuhudia kwamba ni yeye aliyemponya. Nilimfungulia mlango, aone vizuri unavyofungwa. Mama mkwe namwogesha, namlisha, na bado namdharau. Mikono inafanya kazi yake, moyo unaendelea na mambo yake.

Lakini sikuchukua kalamu kwa ajili yake. Juzi ulipopiga simu kumjulia hali ulicheka, ukasema hata wewe damu imekurudia kidogo, miaka mitano baada ya kukoma, ati Mungu amekurudishia ujana. Mimi niliiweka simu mezani nikaenda kutafuta karatasi, ukadhani imekatika. Haikukatika.

Si ujana, Gladwell. Huenda ni kitu kidogo kabisa, huenda si kansa, lakini ni daktari atakayejua. Si wewe, si mchungaji wako. Usiniandikie kwamba umeomba na ukapata amani. Wengine ninaweza kuwadharau nikalala usingizi. Wewe siwezi.

Barua hii anakuletea Kimotho, mtoto wa mjomba, na lori lake la mahindi. Nimemwambia asinywe hata chai yako. Asimame mlangoni mpaka uvae viatu, kisha akupeleke hospitali.

Wasalimie wote, shemeji kwanza. Mungu akutunze, na umsaidie kwa kwenda.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeogopa kelele zako,

Kabura