Maziwa yenye nilikataa Burungu

Furaha mujukuu wangu,

Huku Kibua tuko bazima, koko yako mwanamuke anavuna maharagi na anakusalimia. Lakini wewe unanichokesha. Kila mesaji njo ile ile: "Koko, nilisoma finansi, na benki inanituma mu soko kutafuta bakiliya, na bantu ya kule ni babaya. Nitaacha kazi."

Sasa sikia yenye sijaambia hata baba yako. Mimi pia nilitaka kazi ya mu biro. Koperative ya akiba ikanituma mu kijiji ya Burungu kutafuta bamemba. Nikaenda na kravate mu shingo. Mama mumoja mufugaji akanipa maziwa. Nikakataa, niliogopa itachafua shati yangu. Akaambia bwana yake, "Huyu anataka feza yetu, lakini maziwa yetu hapana?" Bakacheka. Hakuna nyumba ingine yenye ilinikaribisha.

Nikarudi kwa shefu wa koperative, nikasema, "Bale bantu habana kitu." Akaamini. Koperative haikurudia Burungu, na bale ba mama bakaendelea kuficha feza yao chini ya kitanda. Kazi ya biro nayo bakapatia mwenzangu, mwenye alikuwa anakula kwa kila nyumba.

Ukitaka kuacha kazi, acha. Lakini usiambie shefu yako kama bantu ya soko njo babaya. Anaweza kukuamini.

Koko yako